Kushuka Ndiyo Ngoma

Niliinunua Jumamosi kwa Bi Vašíčková,
mjane wa fundi saa, nje kidogo ya Boskovice:
Jawa ya mwaka sitini na tatu, nyekundu kama cheri iliyoiva,
tangi lina kibonde pale goti lilipozoea.
Hakunivuta bei. Alihesabu noti mara moja,
akanipa ufunguo, na chupa ya jemu ya plamu
ambayo sikuiomba.

Kupanda mchongoma si kazi.
Kwenye mteremko wa kwanza nilikanyaga breki,
na breki ikanisikia kama mtu asikiavyo
habari za kijiji cha jirani.
Ukanijia mto Svitava, likanijia daraja, wakanijia bata wa watu.
Nilisimama ndani ya kabichi.

Jikoni, juu ya magazeti, nikaifungua ngoma.
Haikuwa na mdundo. Grisi tu:
grisi kwenye beringi, grisi kwenye springi,
grisi imenywewa na viatu viwili vya breki
hadi vinang'aa kama vya bwana harusi.
Marehemu Alois hakupenda kitu kilie.
Maisha yake yote alitia saa mafuta kwa ncha ya sindano,
tone, pumzi, tone.
Kwa hii alimimina kopo.
Nilifuta, nikapiga msasa, nikanusa, nikakata tamaa.
Cha kuvunda hakina ubani. Nikaagiza vipya.

Hiyo ilikuwa breki.

Chaji nayo.
Binamu yangu Hynek alikuja na mita yake mfukoni.
Injini imezima: volti sita na nukta moja.
Injini inanguruma: volti sita na nukta moja.
"Haichaji," akasema, kwa sauti ya daktari wa zamu ya usiku,
na ile taa nyekundu ikatukodolea jicho
bila kupepesa.
Tukashuku kaboni za dainamo: nzima, ndefu kama ukucha.
Tukashuku regyuleta: nikapitisha karatasi katikati ya pointi,
ikatoka nyeupe.
Tukashuku betri, maana betri, kama mgeni,
hushukiwa kila kitu kinapopotea.
Saa nne usiku Hynek akaenda kwake na nusu ya supu yangu.

Nikabaki nikiufuata waya mmoja kwa kidole,
kutoka dainamo, chini ya tangi,
nyuma ya kasha la spana,
hadi pale ulipokoma.

Haukuoza. Haukuliwa na panya.
Ulikatwa kwa mkasi, mara moja, sawasawa,
na kila ncha ikavikwa kitambaa,
ikazungushiwa uzi wa kijani wa kudarizi,
ikafungwa fundo la washonaji,
lile lisilofunguka kwa bahati.

Nilikaa sakafuni.
Nikakumbuka miwani dirishani mwake,
vioo vinene kama kitako cha chupa,
na jinsi alivyosema, akihesabu, bila kuinua uso:
"Miaka miwili ya mwisho hakuwa akifika mbali.
Betri ilimwishia palepale, kanisani.
Alirudi akiisukuma, akitukana.
Alirudi."

Niliuunga waya alfajiri. Solda kidogo, moshi kidogo.
Volti saba na robo.
Jicho likafumba.

Uzi sikuutupa. Uko kwenye ufunguo.

Wiki iliyofuata viatu vipya vikafika, nikaivaa barabara ile ile
ya kushuka, na gurudumu la mbele
likasimama kiganja kimoja kutoka lango lake.
Alikuwa barazani anatoa kokwa za plamu.
Hakunitazama mimi. Aliitazama taa,
kisha ufunguo.

"Imezima."
"Imezima, Bi."

Kokwa ikalia ndooni. Nyingine.

"Na breki?"
"Zinashika sasa."

"Hizo sikuzigusa," akasema,
akainamia plamu zake.